Jinsi ninavyowafundisha wanafunzi kudukua ruta zao wenyewe

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akija darasani kwangu, mara nyingi tayari ana Kali Linux, mfumo wa kompyuta uliojaa zana za kudukua, kwenye kompyuta yake na amejifunza mengi YouTube. Hamu anayo. Anachokosa ni kibali cha kugusa kitu cha mtu, na kuelewa kinachoendelea ndani ya kifaa. Nilipopewa somo la upimaji wa usalama wa mifumo katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, niliamua kuanza na hayo mawili.

Kipindi cha kwanza kompyuta hazifunguliwi. Tunasoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hasa inavyokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, kisha kila kikundi kinaandika barua ya kibali: kifaa gani kitapimwa, mwenye mali ni nani, kuanzia lini hadi lini, kipi kisiguswe, nani apigiwe simu kitu kikiharibika. Wapo wanaonuna, maana walikuja kudukua. Narudisha barua mpaka zikae sawa. Anayelipwa kupima mfumo wa benki na anayeuvamia wanatumia mbinu zilezile. Kinachowatenganisha ni karatasi hiyo.

Vifaa navitafuta Kariakoo, kwa mafundi wanaouza ruta kuukuu, vile visanduku vya kusambaza intaneti, kama vipuri. Ukishainunua ni yako, huna wa kumwomba radhi ukiipasua. Ninaongeza multimita ya kupimia umeme, adapta ya kuunganisha USB na laini ya seriali (njia ambayo ruta hutolea ujumbe wake wa ndani), na kisoma chipu cha bei nafuu aina ya CH341A.

Kazi yenyewe naipenda inapofika kwenye ubao wa saketi. Pembeni huwa kuna vitundu vinne vya laini ya seriali vilivyojipanga, ambavyo kiwanda kilivitumia kwa majaribio. Wanafunzi wanazima umeme kwanza, wanatafuta kitundu cha ardhi (upande hasi wa saketi) kwa kupima kama umeme unapita kati yake na chuma kinachofunika chipu. Wanawasha. Kitundu kinachotulia kwenye volti 3.3 ni cha umeme, hicho tunakiacha. Kinachochezacheza wakati ruta inaamka, hicho ndicho kinachotuma maneno. Wanaunganisha adapta, wanafungua dirisha la maandishi kwenye kompyuta, na mara nyingi yanatoka makorokoro yasiyosomeka kwa sababu kasi ya mawasiliano si sahihi. Wakiweka biti 115200 kwa sekunde, ghafla Linux, mfumo unaoiendesha ruta, inaanza kujieleza mstari kwa mstari. Darasa zima hukimbilia meza hiyo. Baadhi ya ruta humpa mtu mamlaka yote papo hapo, bila hata kuuliza nywila.

Baada ya hapo tunanakili famwea, yaani programu inayokiendesha kifaa, kutoka kwenye chipu ya kumbukumbu, tunaifumua kwa zana iitwayo binwalk na kuingia kwenye mafaili yake. Wakikuta nywila ya kiwandani imeachwa humo, ile ile kwa kila kifaa cha toleo hilo, ndipo ninapowasimulia Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, ikateka kamera na ruta kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba mashambulizi yaliyotumia vifaa vya namna hiyo yaliiyumbisha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Walioiandika Mirai walikuwa vijana. Mmoja alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Rutgers. Mwaka 2017 walikiri makosa mahakamani. Nikifika hapo darasa hutulia, kwa sababu umri ni wao na ujuzi ni huuhuu.

Alama nyingi naziweka kwenye ripoti. Lazima iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mwenye duka asiyejua kompyuta ataelewa: tatizo ni nini, lina hatari gani kwake, afanye nini leo. Wanaofungua chipu kwa wepesi hukwama hapo, na ndipo ninapokaa nao muda mrefu zaidi.

Zoezi la mwisho tunageuza kibao. Kila kikundi kinatengeneza kihisi cha joto kwa ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi, kinakilinda kadiri kinavyoweza, kisha kinakikabidhi kwa kikundi kingine kikishambulie, kwa barua ya kibali iliyosainiwa. Chipu hiyo ina fyuzi za ndani za kuwashia ulinzi, na ikishachomwa fyuzi hairudi. Ndiyo maana utawaona wanabishana saa nzima, karatasi mezani, kabla mmoja hajathubutu kubonyeza kitufe.