Nilivyounganisha VRF mbili Mbeya, Tukuyu ikanigomea siku nne

Naandika hii nikiwa na raha na hasira vyote kwa pamoja, hasira ni kwa wale wa kwenye grupu letu la mafundi wa mtandao waliokuwa wananiambia "weka static tu mzee unajitesa bure". Static (ruti, yaani njia ya data, unayoandika mwenyewe kwa mkono) niliweka, ngoja niwasimulie.

Mteja wangu ana ofisi hapa Mbeya maeneo ya Mwanjelwa, tawi lingine Tukuyu na lingine Njombe, wananunua parachichi. Rauta ya Mbeya nilishamgawia VRF mbili, yaani vyumba viwili vya mtandao ndani ya rauta moja, OFISI ya mahesabu na printa, na KAMERA, maana mafundi wa kamera wanakuja na laptop zina virusi vya kila kabila. Rauta moja lakini ndani ni kama majirani wawili wasiosalimiana, kila mmoja na jedwali lake la ruti. Tukuyu nayo nikaigawa hivyohivyo, Njombe nikaiacha na karauta kake ka zamani kasikokuwa na VRF yoyote, kameunganishwa upande wa ofisi tu. Miezi miwili bosi akapiga: "Fundi, nataka nikiwa mezani kwangu nione kamera, na nikienda Tukuyu nazo nizione." Nikamwambia kesho tu mzee. Kesho!

Basi nikafuata ushauri wa grupu. Static ya kutoka VRF moja kwenda nyingine iligoma, nikaja na ujanja wangu mwenyewe: nikachukua waya wa mita moja, kichwa kimoja nikachomeka poti ya OFISI na kingine poti ya KAMERA, rauta ileile, yaani rauta inajipigia simu yenyewe. Nikazipa anwani za /30 (kamtandao ka vifaa viwili tu), static huku na huku, picha zikaja! Nilijiona profesa, nikapiga na picha ule waya. Wiki ya pili Jumatatu simu, kamera hakuna. Nafika nakuta poti mbili ziko wazi. Kijana wa field alikuwa anapanga nyaya kwenye raki, akaona waya umetoka rauta umerudi rauta, akauchomoa, akauzungusha vizuri akaufunga na kamba akauweka kwenye droo. Namuuliza, ananiambia "Shikamoo kaka, ule si ulikuwa umejichomeka wenyewe? Nikajua umejisahau." Marahaba. Ningesema nini, hata mimi ningeuchomoa.

Ndio nikaamua kufanya kwa BGP, itifaki ya kubadilishana ruti. Hapo grupu likalipuka, oh BGP ni ya makampuni ya simu, oh lazima uwe na MPLS (teknolojia ya kusafirisha data kwa lebo), oh utapata wapi jirani, yaani rauta ya pili ya kubadilishana nayo ruti. Uongo mtupu. BGP ya kuhamisha ruti kati ya VRF ndani ya rauta moja haihitaji jirani hata mmoja wala MPLS, nimeweka AS (namba ya mtandao kwenye BGP) 65000 ambayo ni ya binafsi na maisha yanaendelea. Mnachokosea wengi ni kuchanganya RD (route distinguisher) na RT (route target). RD kazi yake ni kutofautisha tu, ili 192.168.1.0 ya huku isigongane na 192.168.1.0 ya kule. Anayeamua nani achukue nini ni RT, ichukulie kama rangi inayopigwa kwenye magunia ya viazi: ya KAMERA yanatoka na alama 65000:20, OFISI akisema mimi nachukua 65000:20 basi yanaingia kwake. Na lazima KAMERA naye achukue ya OFISI, la sivyo pingi inakwenda hairudi, halafu unakaa unalaumu faiawoli. Mimi sikuachia yote, rekoda ya kamera nimeitenga kwenye kaneti kake ka /29 (kamtandao kadogo ka anwani nane), import map (kichujio cha ruti zinazoingia) inapitisha hako tu, na access list (orodha ya nani aruhusiwe) juu yake maana kuunganisha ruti sio ulinzi.

Baada ya hapo ruti unazitoa OSPF (itifaki ambayo rauta za matawi zinaambiana ruti) unaingiza BGP, unatoa BGP unaingiza OSPF. Kwenye OSPF usisahau neno subnets, kwa IOS (programu ya rauta za Cisco) za zamani bila hilo neno vi-/29 vyote vinaachwa nje, na rauta inakuonya kabisa ila nani anasoma. Njombe nayo ilinila nusu siku: ruti zake zilikuwa za nje (zimeingizwa kutoka kwingine) kwenye OSPF, na BGP bila kuambiwa match external inachukua za ndani tu.

Njombe ikakubali. Tukuyu kimya.

Hapa ndipo nilipozeeka. Tukuyu mnaijua, mvua ni kama imeajiriwa kule, kwa hiyo kila mtu, na mimi nikiwemo, "ni laini hiyo, maji yameingia". Nikapanda Costa ya Kyela mara mbili, nikabadilisha kebo, nikabadilisha na moduli ya faiba, kama laki na kitu imekwenda, ya mfukoni kwangu. Babu mlinzi akawa ananionea huruma mpaka analeta ndizi za kuchoma. Majirani wa OSPF wako Full (wameshapeana taarifa zote), pingi ya rauta kwa rauta safi, printa ya Mbeya inatoa karatasi. Ruti ya rekoda tu ndio haimo kwenye jedwali.

Siku ya nne usiku nikaacha kuangalia jedwali la ruti nikaingia kwenye databesi ya OSPF, upande wa external. Ruti ipo! Imefika, imekaa, rauta haitaki kuitumia. Nikasoma mstari kwa mstari, kwenye Options kuna neno Downward, na tagi 3489725928 ambayo mimi sijawahi kuiandika popote. Nikatoa 65000 ikabaki 3489660928, ukiigeuza heksa (namba za msingi wa 16) ni D0000000. Yaani tagi imetengenezwa na rauta yangu ya Mbeya kutokana na AS yangu.

Kumbe ile ni DN biti, ya RFC 4576 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2006. Mbeya inapotoa ruti kwenye BGP na kuiingiza OSPF iliyo ndani ya VRF, inaipiga muhuri wa "hii imeshashuka kwa mteja". Rauta nyingine yenye OSPF ndani ya VRF ikiona muhuri inajidhania ni PE (rauta ya mpakani kwa wateja) ya kampuni ya simu, inaiacha ili ruti isizunguke kurudi ilikotoka. Njombe haina VRF, haina habari na muhuri, ikapokea. Mwenye VRF ndio aliyejitia ukubwa.

Dawa: maneno mawili kwenye OSPF ya Tukuyu, capability vrf-lite. Siku nne, maneno mawili. Ila muwe makini, ukishazima huo ukaguzi na una njia mbili za kurudisha ruti kwenye BGP basi mzunguko ni wako, mimi nina njia moja tu.

Asubuhi bosi yuko Tukuyu, anafungua kamera ya chumba cha raki Mbeya, ananiita: "Fundi, njoo, huyu kijana anachomoa nini tena?"