Neno laki jikoni kwetu

Jumanne, 21 Oktoba 2025. Jana ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, nimelala saa nane usiku na mpaka saivi shuka linanuka samli, ila sina neno, nataka niandike kabla sijaingia darasani maana hii kitu iko kifuani tangu mwezi uliopita.

Naishi Chicago na Wahindi watatu, wawili wa Hyderabad na mmoja wa Rajkot kule Gujarat, wote wanasoma mastazi ya kompyuta. Mimi ni wa Tanga. Nimekua nikijua Mhindi ni mtu wa duka, yuko nyuma ya kaunta, baba anaenda kuomba bei ipungue na yeye ndo anakubali au anakataa, kwa hiyo nilipoambiwa ntakaa na Wahindi moja kwa moja nikajua nakaa na watoto wa matajiri. Nilikosea sana na naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Kila mmoja wao alitua Marekani na presha kuka ndani ya begi, imezungushiwa sweta. Wanapika kwa kuhesabu filimbi za mvuke wake, mbaazi za kuparaza filimbi tatu, maharage zaidi, na mtu akiwa bafuni utamskia anapiga kelele "ngapi hiyo?" Halafu ugomvi wa mchuzi! Wa Rajkot anataka atie sukari guru kidogo kama mama yake, wa Hyderabad wanasema hiyo ni kuharibu chakula, wao wanataka pilipili na ukwaju. Mi nikikaa zamu yangu napika maharage ya nazi, wote wanakula kimya, hapo ndo amani inapatikana. Jumapili tunapanda basi mpaka mtaa wa Devon Avenue, huko ndiko maduka ya vyakula vya Kihindi ya Patel Brothers yalikoanzia mwaka 1974, tunarudi na mfuko wa unga wa atta wa paundi 20 tunapokezana mabegani.

Lugha yao sijui, ila maneno yananifuata. Gari, pesa, achari, bima, yote nayaskia yakipita mule mule kwenye maongezi yao, yametamkwa tofauti kidogo tu. Na laki. Saa tatu usiku kwetu ni saa moja na nusu asubuhi kwao, ndo muda wa kupiga simu nyumbani, na yule wa Rajkot kila akiongea na baba yake naskia laki, laki, laki. Siku moja tunaosha vyombo nikamuuliza, bhai, mbona laki nyingi hivyo, akaniambia bila kuficha, ni mkopo wa benki, laki 40 za rupia, kama dola elfu 45 hivi, na nyumba ya baba yake ndo imewekwa rehani. Nyumba ile ile aliyozaliwa. Alivyosema akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata muda mrefu.

Kuanzia hapo nikaanza kuona vitu nilivyokuwa navipita. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi za ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, sasa hayo masaa yanagombaniwa kweli kweli, yeye anahudumia kwenye bwalo la chakula na huwa anakuja amechoka, anafungua kompyuta anatuma maombi ya kazi mpaka macho yanakuwa mekundu. Mmoja wa Hyderabad mama yake alienda hekalu la Chilkur Balaji, watu wanaliita la Balaji wa viza, unazunguka mara 11 ukiomba na ukijibiwa unarudi kuzunguka mara 108. Mama alirudi akamaliza zote 108. Mwaka wa masomo wa 2023/24 wanafunzi wa Kihindi nchi hii walikuwa 331,602, wakawapita Wachina kwa mara ya kwanza tangu 2009, na mimi kila nikiiona hiyo namba siku hizi nawaza nyumba ngapi ziko benki, mama wangapi wanazunguka.

Ijumaa ya tarehe 19 Septemba ndo sitaisahau. Mpango wa wote ni mmoja, ukimaliza unapata mwaka wa kufanya kazi, waliosoma sayansi na teknolojia wanaongezewa miezi 24, halafu unaingia bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ambayo mwajiri anakuombea, ambayo nafasi zake ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Jioni ile ikatangazwa kwamba maombi mapya mwajiri atalipia dola 100,000. Simu zikaanza kulia zote tatu kwa pamoja, kule kwao kunakucha na wazee wameshaona kwenye TV. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi naskia "ek lakh dollar". Laki moja, sikuhitaji mkalimani. Yule wa Rajkot hakupokea simu. Aliiangalia ikilia mpaka ikakata, ikalia tena, akaenda kukaa kwenye ngazi nje bila koti, nikamfuata tukakaa tu, kuna vitu huwezi kumwambia mtu ambaye nyumba ya baba yake ndo iko mezani.

Jana sasa. Mkataba wa nyumba haturuhusiwi kuwasha moto wa wazi kwa hiyo wakapanga taa za betri dirishani, zile za kumetameta, wakapika toka mchana mpaka king'ora cha moshi kikalia mara mbili nikawa ndo mtu wa kukipepea na taulo. Na jana hiyo hiyo idara ya uhamiaji ikatoa ufafanuzi kwamba aliyeko ndani ya nchi kwa viza ya mwanafunzi akibadilishiwa hadhi kuingia H-1B ile ada ya laki haimhusu. Bahati nasibu iko pale pale, deni liko pale pale. Ila alipiga simu mwenyewe, akaweka spika, baba yake yuko kwenye kibaraza kile nilichokwisha kukizoea kwenye video, nikaskia laki imetajwa mara moja tu halafu mzee akacheka, mara ya kwanza namskia akicheka. Presha kuka ikapiga filimbi ya tatu, jamaa akanyanyuka kuzima jiko huku bado anaongea.