Kaunta ya "tupu": majuma yangu ya kutia nyuzi kwenye kifasiri

Jana usiku niliunganisha tawi la nyuzi (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) na msimbo mkuu wa kifasiri changu, yaani programu inayosoma na kutekeleza lugha yangu ya programu, nikaliwekea swichi inayokaa imezimwa mpaka mtu aiwashe mwenyewe wakati wa kujenga programu, na neno "majaribio" nikaliandika katika mstari wa kwanza wa maelezo yake. Ninayaandika haya mapema, kabla sijasahau namna nilivyofika hapa, kwa sababu sehemu niliyoiogopa ilikwisha kwa siku mbili, na ile ambayo sikujua hata kama ipo ilinila majuma.

Kuanzisha uzi ni jambo jepesi. Nyuzi za POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) zina kiwango chake tangu 1995, na nilichohitaji ni funksheni moja katika lugha yangu itakayopokea funksheni nyingine na kuiendesha kando. Ilikubali mara ya kwanza: nyuzi mbili zikachapisha maneno yake kwa kupokezana, nami nikalala nikiamini kwamba kilichobaki ni kusafisha tu. Asubuhi yake nikaandika jaribio la nyuzi mbili, kila uzi ukizunguka kitanzi mara 100,000, na ndani ya kitanzi hamna kitu ila kukipa kigeu (jina linaloshikilia thamani) thamani ya "tupu", ambayo katika lugha yangu maana yake ni "hakuna kitu", na kukifuta. Kifasiri kikaanguka. Nilipokiendesha tena kilimaliza salama, na mara ya tatu kikaanguka mahali pengine kabisa, katikati ya sehemu inayochapisha ujumbe wa makosa, mahali ambapo jaribio langu halikuwa na shughuli yoyote.

Kila kitu ndani ya kifasiri changu kina kaunta inayohesabu ni wangapi wanakishikilia. Kaunta ikifika sifuri, kumbukumbu yake hurudishwa. Katika msimbo wa C, kuongeza moja ni mstari mfupi ambao nimeuandika mara nyingi mno bila kuufikiria, lakini prosesa huutekeleza kwa hatua tatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Uzi wa kwanza unasoma 7. Kabla haujaandika 8, uzi wa pili nao unasoma 7. Kisha nyuzi zote mbili zinaandika 8, ilhali wenye kukishikilia ni tisa. Hakuna kinacholalamika wakati huo. Kosa linajificha mpaka wanane wawe wamekiachia, kaunta inafika sifuri, kumbukumbu inarudishwa, na yule wa tisa anabaki ameshika anwani ya kitu kisichokuwepo tena. Na "tupu" ndiyo iliyoumia kuliko vitu vyote, kwa kuwa iko moja tu katika kifasiri kizima na kila uzi huigusa karibu katika kila mstari. Nilipoichapisha kaunta yake baada ya kila mzunguko niliiona ikishuka polepole, kitu ambacho hakikupaswa kufa kamwe kikielekea sifuri mbele ya macho yangu.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ni kuifanya kila kaunta iongezwe kwa hatua moja isiyogawanyika, kwa maagizo maalumu ambayo prosesa inayo kwa kazi hiyo. Mianguko hiyo ilikoma, lakini programu za kawaida, zisizo na uzi wa ziada hata mmoja, zilipungua kasi kwa kiasi ambacho singeweza kukitetea mbele ya mtu anayeitumia lugha hii kusoma faili moja na kutoa jumla. Isitoshe, orodha na kamusi (majedwali ya kutafutia thamani kwa jina lake) zilikuwa bado hazijalindwa: uzi mmoja unaweza kuwa unaipanua kamusi na kuihamishia mahali pakubwa zaidi huku mwingine ukisoma pale pa zamani. Waliopita njia hii kabla yangu walikutana na ukuta uleule. Katika miaka ya 1990 Greg Stein aliliondoa kufuli kuu la lugha ya Python, linaloruhusu uzi mmoja tu kwenda kwa wakati mmoja, na kuweka makufuli madogo madogo, na programu za uzi mmoja zikawa nzito kiasi kwamba mabadiliko hayo hayakuingizwa katika lugha. Ilibidi kungoja mpaka Oktoba 2024, toleo la 3.13, ndipo Python isiyo na kufuli hilo ilipotolewa rasmi, nayo ikiitwa ya majaribio. Lugha nyingine, Perl 5.8 ya mwaka 2002, ilichagua kuupa kila uzi nakala yake ya data yote, njia iliyo salama ingawa inakula kumbukumbu, na nilikaa siku nzima nikiipima kabla ya kuiacha.

Kwa hiyo nimeweka kufuli moja kuu. Uzi usiolishika haugusi kitu chochote cha lugha, na uzi unaposubiri faili, mtandao au saa, huliachia ili wengine waendelee. Hesabu nzito hazitakwenda kasi zaidi kwa mpango huu, na nimelisema hilo waziwazi katika maelezo, maana sipendi mtu agawe kazi yake kwa nyuzi nane akitumaini viini vinane vya prosesa. Faida yake iko kwenye kusubiri, na programu nyingi ninazoziona zinasubiri kuliko zinavyokokotoa.

Hapo ndipo nilipoanza kuujua msimbo wangu upya. Nilikuwa nimehifadhi rundo la sasa (kumbukumbu ya funksheni zinazoendelea), kosa la mwisho na mstari unaotekelezwa katika vigeu vitatu vya jumla, kwa sababu siku nilipoviandika hakukuwa na mwingine wa kuvigusa. Vyote vitatu vimehamia katika muundo mmoja unaobebwa na kila uzi, kama vile errno ya C, kigeu kinachohifadhi namba ya kosa, ilivyolazimika kuwa ya kila uzi peke yake. Funksheni ya kusoma faili ilinitesa zaidi: iliachia kufuli, ikasoma, ikalishika tena, ikarudi, isipokuwa pale kusoma kuliposhindikana, ambapo nilikuwa nimeandika miaka mingi iliyopita njia fupi ya kurudi mapema, na njia hiyo haikulishika tena. Faili ikikosekana, uzi uliendelea na kazi zake ukidhani unalo kufuli, huku mwingine ukiwa umeshalichukua kihalali. Sasa, katika ujenzi wa kusaka hitilafu, kila funksheni inayogusa vitu huuliza kwanza kama uzi unaoiita unalo kufuli, na kama haunalo programu husimama hapohapo. Hilo peke yake liliibua makosa ambayo nisingeyapata kwa kusoma.

Kupokezana nako kulihitaji busara. Nilianza kwa kuachia kufuli kila baada ya maagizo 100, kama Python ya zamani, nikagundua kwamba uzi unaoachia hulinyakua tena kabla anayengoja hajaamka. Nikafuata namna iliyoingia Python 3.2: anayengoja husubiri milisekunde 5, kisha huomba, na anayeachia hubaki amesimama mpaka mwenzake athibitishe kwamba amelipokea.

Jambo moja ninalolirudia mara mbili katika maelezo ni kwamba kufuli kuu hukilinda kifasiri, halilindi hesabu ya mwandishi wa programu. Nyuzi mbili zikiongeza kigeu kimoja mara 100,000 kila mmoja, jumla inaweza isifike 200,000, kwa kuwa zamu hubadilika kati ya agizo na agizo, na ule mchezo wa 7 na 8 unajirudia juu, katika lugha yenyewe. Ndiyo maana nimempa mtumiaji kufuli lake mwenyewe, pamoja na foleni ya kupitishia ujumbe, ambayo ningependa aizoee kwanza.

Kuzalisha mchakato mpya kwa fork, wito wa mfumo unaonakili programu inayoendelea, wakati nyuzi nyingine zipo nimekukataza kwa ujumbe wa kosa: katika mchakato mtoto husalia uzi ulioita peke yake, na makufuli yaliyokuwa mikononi mwa nyuzi zilizopotea hubaki yamefungwa.

Limebaki jaribio moja, la nyuzi zinazofunga na kufungua faili wakati programu inazimwa, ambalo hukwama mara chache sana na halijawahi kukwama nikiwa ninalitazama. Usiku huu linazunguka kwenye mashine ya pili, na kitatuzi (programu ya kuchunguza makosa) nimekiacha kimeshikizwa, ili likikwama nilikute palepale, na kila uzi ukionyesha kufuli unalolingoja.