Achumaye Kidogo Kidogo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Moshi amenitumia video fupi, akaniuliza kama niamini au niache. Mhubiri anaonyesha picha za matajiri, Warren Buffett wa Marekani, Aliko Dangote wa Nigeria na Mo Dewji wa hapa kwetu, kisha anasema wote walitajirika kwa kanuni ya mbegu, yaani utoe fedha kama mbegu ili uvune nyingi zaidi, na kwamba anayepanda leo atakuwa bilionea kabla mwaka haujaisha. Chini kuna namba ya kumtumia pesa. Sikumjibu siku ile. Nina ada ya Januari ya watoto inanikabili, na nusu ya moyo wangu ilitamani iwe kweli.

Basi tuwaangalie hao watu wenyewe. Hata mtu asiyesali na sisi si vema kumsingizia.

Buffett, ambaye wala hajidai kuwa mtu wa dini, alinunua hisa zake za kwanza mwaka 1942 akiwa na miaka 11. Zilikuwa tatu, kila moja dola 38, na nyingine tatu akamnunulia dada yake. Zikashuka hadi 27. Ziliporudi na kufika 40 akauza upesi ili apumue, kisha akazitazama zikipita 200. Mwaka 1965 akashika usukani wa Berkshire Hathaway, kiwanda cha nguo kilichokuwa taabani. Nguo hazikumtajirisha, mitambo ilizimwa 1985. Kilichombeba zaidi ni bima, aliyoingia mwaka 1967. Watu wanalipia bima leo, fidia inadaiwa baadaye, na hapo katikati fedha zinakaa mikononi mwa kampuni, akawa ananunulia biashara nyingine. Faida haikugawanywa ikaliwa, ilirudishwa kazini. Mwenyewe alikaa miaka na miaka katika nyumba ile ile ya Omaha aliyoinunua 1958 kwa dola 31,500.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyie vijana mnaoshinda na simu. Mtu huyu anasifiwa duniani kote kwa kujua kuwekeza, na thamani ya hisa za kampuni yake imekua kwa wastani wa karibu asilimia 20. Kwa mwaka! Mwingine huko kwenye simu anakuahidi asilimia 30 kwa mwezi, na bado hujamuuliza anazitoa wapi?

Chukua kalamu. Weka laki moja, ikue asilimia 20 kila mwaka, usiiguse. Baada ya miaka 10 unayo kama laki sita na kidogo. Mtu wetu wa Moshi hapo ameshakata tamaa, ametoa zote amekwenda kununulia simu. Miaka 20, milioni 3.8. Miaka 30, milioni 23 na zaidi. Miaka 40, kama milioni 147. Angalia vizuri: katika hizo 147, zaidi ya 120 zimekuja katika miaka kumi ya mwisho. Ndiyo maana sehemu kubwa kabisa ya utajiri wa Buffett imekuja akiwa ameshapita miaka 60, umri ambao sisi tunampa mtu khanga na kumuaga kazini. Sisemi wewe utapata hiyo 20. Wawekezaji wengi hawakufika hapo alipofika Buffett. Nasema hata aliye bora kuliko wote alihitaji maisha yake yote.

Na Biblia ilishasema, tena bila hesabu: "Mali iliyopatikana kwa haraka itapunguzwa, bali yeye achumaye kidogo kidogo atazidishiwa" (Mithali 13:11). Tunaukariri mstari huu tangu shule ya Jumapili, halafu mtu akija na mahesabu yake ya mwezi mmoja tunamfungulia mlango. Baba zetu huko juu mlimani walipanda mche wa kahawa wakijua watakaa miaka kabla ya kuchuma debe la kwanza, na hakuna aliyeuita huo upungufu wa imani.

Hata mzee Reginald Mengi, tajiri wa vyombo vya habari, ambaye kila anayehubiri mafanikio hapa Kilimanjaro lazima amtaje, tunapenda kumwanzia kwenye magari. Alizaliwa Machame katika umaskini mkubwa, akaenda Uskochi kusomea uhasibu, akafanya kazi ya ukaguzi wa mahesabu kwa miaka mingi, ndipo akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Televisheni yake ya ITV ilikuja 1994, akiwa mtu mzima kabisa.

Tuseme na hili, ingawa linawaudhi wengine. Dangote alianza na mkopo kutoka kwa jamaa zake wa ukoo wa Dantata, ukoo uliokuwa na mali Kano kabla hajazaliwa. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, wazazi wake walimwekea kama dola 245,000 katika biashara hiyo mwaka 1995. Mo aliingia katika biashara ambayo baba yake alikuwa ameshaisimamisha. Wamefanya kazi, sikatai. Lakini usimwambie mama anayeuza mitumba soko la Memorial kwamba yuko pale kwa sababu hakupanda mbegu.

Watumishi wenzangu, sasa naongea na nyie. Mwaka 2009 tuliiona DECI, ule mradi wa upatu uliokusanya fedha za watu kwa ahadi ya kuwarudishia nyingi zaidi. Maneno yalikuwa haya haya, kupanda na kuvuna, na waliokuwa mbele ni wachungaji. Ilipozimwa watu walilia nchi nzima. Mnarudiaje maneno yale madhabahuni? Katika mtaa wetu kuna mama wawili waliochukua fedha za kikoba mwezi uliopita wakazipeleka kwenye mradi wa namna hii. Sasa mmoja amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili alipe marejesho, na ibadani haji, anaona aibu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba hao watakao kuwa na mali huanguka katika majaribu na tanzi. Na tanzi hutegwa na mtu. Mkiitega kwa Neno la Mungu mtajibu.

Kama lazima tumwige tajiri, nitawapa Chuck Feeney. Alipata mabilioni kwa maduka ya viwanja vya ndege yasiyotozwa kodi, na mwaka 1984 akaihamishia karibu mali yake yote kwenye taasisi ya kutoa misaada, kwa siri. Dunia ilikuja kujua 1997. Alitoa zaidi ya dola bilioni 8, akafa 2023 akiishi kwenye nyumba ya kupanga. Mathayo 6 imo humo, mkono wa kushoto usijue, sijui kama yeye aliisoma hivyo.

Kijana wangu nimemjibu jana: asitume.

Kuhusu wale mama wawili, wazee wa mtaa tumekubaliana kuchangia marejesho yao ya kikoba ya mwezi huu. Ijumaa kwenye nyumba kwa nyumba, baada ya sala, kutakuwa na bahasha mezani. Weka ulichonacho, usiandike jina. Na anayekaa jirani na yule asiyekuja ibadani, tafadhali mpitie mje naye.