Ndoo Yenye Tundu

Jumamosi, usiku

Leo nilipekua sanduku la karatasi kuukuu nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha kijana wangu, nikakumbana na insha. Ni ya mwanafunzi wangu wa darasa la nane, enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, na mada ni ile tuliyoichosha kila muhula: "Siku ambayo sitaisahau". Sentensi ya kwanza: "Ndoo yetu ina tundu." Basi. Hakuna jogoo aliyewika. Akaeleza alivyoleta maji kutoka mtoni akiziba tundu kwa kidole gumba, akihesabu hatua, na mama yake alivyokishika kile kidole kilichokunjamana, akakitazama, asiseme kitu.

Chini, kwa wino wangu mwekundu: 17/40. "Tumia msamiati. Methali ziko wapi?"

Insha ya KCPE ilikuwa alama 40 kwa dakika 40. Sisi walimu tulijua msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, kwa hivyo tuliwafunza watoto kumvutia upesi. Nilikuwa na daftari zima la mapambo. Nilidamka alfajiri na mapema. Nilichana mbuga kama swara. Machozi yalinitiririka njia mbili mbili. Darasa liliyaimba kama wimbo. Kuna mmoja aliyemzika babu yake kwenye insha huku akiwa na "furaha riboribo", kwa kuwa huo msemo alikuwa ameushika vizuri na hakutaka upotee bure. Nilicheka, nikampa alama. Wastani wetu ulipanda, na siku ya wazazi nikazawadiwa thamosi. Bado ninayo.

Ni rahisi kusema mtihani ndio ulioua ubunifu. Lakini mimi ni mtoto wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa miaka ya mwanzo, KCPE ilipokuwa ya alama 700, na sanaa na muziki vilitahiniwa. Tulivisoma kwa kukariri: ukichanganya buluu na manjano unapata kijani. Rangi zenyewe sikuwahi kuzigusa. Baadaye masomo hayo yakaondolewa kwenye KCPE, jumla ikashuka hadi 500, na nilipoanza kufundisha nilikuta kipindi cha sanaa kimeandikwa kwenye ratiba lakini kinachofundishwa ni hesabu. Kwa hiyo likitahiniwa tunalikariri, lisipotahiniwa tunalitupa. Sijui tulitaka nani atuokoe hapo.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Sasa nina Gredi ya 6, yaani darasa la sita la mtaala mpya, na maneno yamebadilika: badala ya alama naandika "kufikisha matarajio" au "kukaribia matarajio". Hata hivyo, mtihani wa Gredi ya 6 ulipofanywa kwa mara ya kwanza, 2022, ulikuwa wa kuchagua jibu, na sanaa bunifu imo humo humo. Mtoto anaulizwa kuhusu kuchora, anajibu kwa kupaka penseli kwenye kisanduku.

Nyumbani nako tuna yetu. Kijana wangu aliambiwa atengeneze gari kwa vitu vilivyotupwa. Lake lilikuwa la kifuniko cha mafuta na waya, lilipinda kushoto. La mwenzake lilichongwa na fundi, likapigwa vanishi. Niambie lipi lilibaki kwenye dirisha la darasa.

Wiki hii, kabla hata sijaipata hii karatasi (moyo una mambo yake), niliwaambia wanafunzi wangu waandike kuhusu kitu kibovu kilichoko kwao. Kanuni moja tu: msemo wowote niliowafunza mimi, marufuku. Kimya. Kisha msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, na hii itakuja kwa mtihani?"

Nikamwambia haitakuja. Wengine wakaweka kalamu chini.

Nimesahihisha nusu ya vitabu jioni hii. Vingi ni vile vile. Yule aliyeuliza ameanza hivi: "Redio ya babu haijaongea tangu yeye anyamaze. Majogoo waliwika, nikadamka alfajiri na mapema." Nimekaa na kalamu nyekundu muda mrefu. Sentensi ya kwanza nimeipigia mstari mara mbili. Ya pili nimeiacha, kwani hiyo ni yangu.