Kipindupindu cha 2015 na mezani kwa Mkuu wa Wilaya

Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulitukuta tukisoma shahada ya uzamili ya epidemiolojia ya uwandani, yaani kuchunguza milipuko ya magonjwa pale pale inapotokea. Mafunzo hayo yalianza Tanzania mwaka 2008, miaka minne baada ya Kenya, na mpangilio wake ni ule ule wa nchi nyingi: karibu robo ya muda darasani, robo tatu kazini chini ya mlezi. Mfano wake wa kwanza ulianzishwa Marekani mwaka 1951 na Alexander Langmuir. Wanaosoma ni madaktari, watu wa maabara, madaktari wa mifugo na maofisa afya. Ugonjwa ulipokuwa ukiingia mkoa mmoja baada ya mwingine, timu yetu ilipelekwa kwenye manispaa moja ya pwani. Nilichokiona huko ndicho ninachokieleza kila daktari anaponiuliza uongozi wa afya ya jamii hufundishwaje.

Mwenzetu mmoja alikuwa daktari wa wodi kwa miaka mingi. Tulipofika kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu alivaa glovu moja kwa moja. Kazi aliijua: mtu mzima wa kilo 50 aliyekauka maji kabisa anahitaji mililita 100 za Ringer, maji ya dripu yenye chumvichumvi, kwa kila kilo, yaani lita moja na nusu ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha lita tatu na nusu kwa saa mbili na nusu zinazofuata. Mlezi wetu alimwacha aweke dripu ya kwanza, akamwita pembeni. "Daktari, wauguzi hapa wanatosha. Orodha ndiyo haina mwenyewe."

Orodha ya wagonjwa ilikuwa kweli haina mwenyewe. Kulikuwa na daftari mlangoni na jingine wodini, mtu mmoja kaandikwa kotekote kwa majina mawili, na kwenye safu ya makazi kumeandikwa "karibu na msikiti". Tuliianza upya: namba, umri, jinsia, mtaa pamoja na jina la mwenyekiti wa mtaa, tarehe ya kuanza kuharisha, tarehe ya kufika kambini, hali ya upungufu wa maji, kama sampuli imechukuliwa, chanzo cha maji ya kunywa, na matokeo. Makosa mengi hutokea kwenye tarehe. Karani huandika siku mgonjwa aliyofika na kuiita siku ya kuugua, basi mchoro wa idadi ya wagonjwa kwa kila siku unasogea mbele na chanzo unakitafuta kwenye siku ambazo hakikuwapo. Makazi nayo hudanganya, kwani mgonjwa aliyeletwa na shemeji hutaja kwa shemeji. Ilibidi kuuliza, "Ulilala wapi usiku wa kuamkia siku uliyoanza kuharisha?"

Tafsiri ya mgonjwa, yaani nani ahesabiwe kuwa na kipindupindu, nayo iandikwe ukutani na isiguswe ovyo. Mlipuko ukishathibitishwa, yeyote mwenye kuharisha majimaji ghafla, mara tatu au zaidi kwa siku, anahesabiwa. Ukiibadilisha katikati, wagonjwa wanaongezeka au kupungua kwenye karatasi huku mitaani hali ni ile ile.

Kwa upande wa maabara, sampuli ya kinyesi huchukuliwa kabla mgonjwa hajapewa dawa ya kuua vijidudu, huwekwa kwenye Cary-Blair, yaani kichupa cha kusafirishia sampuli, na hukaa kwenye joto la kawaida. Wengi huikimbiza kwenye friji kwa nia njema, na vimelea vinapungua. Maabara huviotesha kwenye sahani ya TCBS, na vikiwa vya kipindupindu makundi yake hutoka ya njano. Baada ya sampuli chache kuthibitisha ugonjwa, hakuna haja ya kupima kila anayeharisha. Unapima wachache tu mara kwa mara kuona dawa bado zinafanya kazi.

Manispaa ilikuwa tayari na mshukiwa: mama lishe. Zuio la chakula cha barabarani lilishaandikwa, likisubiri sahihi. Sisi tuliamua kulinganisha. Kwa kila mgonjwa tulitafuta majirani wawili wa umri wa karibu ambao hawakuharisha, tukawauliza maswali yale yale kuhusu siku tano kabla ya mgonjwa kuugua, maana ugonjwa huu hujitokeza kati ya saa chache na siku tano baada ya kuambukizwa. Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme kati ya wagonjwa 40, 30 walikunywa maji ya boza, yaani ya gari la tangi, na kati ya majirani 80, 20 walikunywa. Unazidisha wagonjwa 30 waliokunywa kwa majirani 60 wasiokunywa, unagawa kwa wagonjwa 10 wasiokunywa mara majirani 20 waliokunywa, unapata 9: uwiano wa waliokunywa kwa wasiokunywa ni mara tisa kwa wagonjwa kuliko kwa majirani. Ugumu uko kwenye swali. "Mnatumia maji gani?" halifai, kwa sababu nyumba moja ina maji ya kisima ya kufulia, ya bomba ya kupikia na ya boza ya kunywa. Uliza maji ya kunywa peke yake, yalihifadhiwa kwenye nini, na huchotwa kwa kikombe kinachozamishwa au humiminwa. Na anayehoji asikazie sauti kwa mgonjwa akalegeza kwa jirani.

Majibu yalielekea kwenye maboza. Tukaenda kituo cha kujazia na kipimo cha klorini: maji mililita 10 kwenye kichupa, kidonge cha DPD, tikisa. Maji yenye klorini ya kutosha huwa ya waridi. Nyumbani panatakiwa pabaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kichupa chetu kilibaki cheupe kama kilivyoingia.

Hapo mlezi akatuzuia kwenda moja kwa moja kwenye kamati ya wilaya inayotoa maamuzi. Alimtuma daktari kwanza kwa mtu wa idara ya maji, asubuhi, na kichupa mkononi. Alisema usimshangaze mwenye idara mbele ya mkubwa wake; atatetea kiti chake badala ya kusikiliza. Wakapima pamoja, wakapiga hesabu pamoja. Boza la lita 10,000 likilengwa miligramu 2 kwa lita linahitaji gramu 20 za klorini halisi. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70 ni kama gramu 30. Unga hukorogwa kwanza kwenye ndoo ambayo imeshatiwa maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga. Unasubiri nusu saa ndipo unapima tena, kwa kuwa maji ya tope hula klorini na kipimo cha kwanza hakitatosha. Unga uliokaa kwenye stoo yenye joto huwa umepungua nguvu, nao utaonekana hapo hapo kwenye kichupa.

Kamati ya afya ya msingi ilikaa jioni, Mkuu wa Wilaya kwenye kiti, Mkurugenzi, Mganga Mkuu, maji, polisi, viongozi wa dini. Daktari alipewa karatasi moja: tunachojua, ambacho hatujakijua, na tunachoomba kiamuliwe leo, nani atekeleze na kufikia lini. Hakutaja hesabu ile ya kuzidisha na kugawa. Alisema waliokunywa maji ya boza wameugua zaidi kuliko majirani wasiokunywa, akaonyesha ramani ya mitaa, akanyamaza. Mheshimiwa akauliza, "Na mama lishe?" Akajibu kwamba ushahidi wa kuwafunga hatuna, ila chakula kiuzwe cha moto na pawe na maji ya kunawa yenye klorini. Aliyefuata kusema alikuwa mtu wa maji, akaeleza mwenyewe habari ya gramu 30.

Uamuzi ukapita: hakuna boza kutoka kituoni bila kupimwa, na fomu iandikwe saa, namba ya gari, kipimo na sahihi. Mimi naona saa ile moja ingepewa alama nyingi kuliko tasnifu. Daktari anayetoka wodini amezoea kuandika amri na muuguzi akatekeleza. Mezani pale hakukuwa na hata mmoja aliye chini yake.

Ripoti tuliiacha kwa Mganga Mkuu kabla ya kuondoka, kurasa mbili za Kiswahili, kwa sababu kamati huandika mihtasari yake kwa Kiswahili na hufanya kazi kwa mihtasari hiyo. Ile ndefu ya Kiingereza ilikwenda chuoni baadaye.