Sakafu Nyeupe, Jicho la Mama

Mama mkwe wangu alifika kwetu Nkuhungu mwezi wa tisa mwaka 2018, mchana, upepo ukiwa umeshaanza. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa mwezi huo. Mvua zimekatika miezi mingi, majani yamekwisha, mifugo imekanyaga kilichobaki, na ardhi inanyanyuka yenyewe. Vumbi linapita chini ya mlango, linapenya nyavu za madirisha, linatua hadi ndani ya vikombe vilivyofungiwa kabatini. Meza uliyoifuta asubuhi, saa sita unaweza kuiandikia jina lako kwa kidole.

Nilikuwa nimeapa kwamba vumbi hilo halitanishinda.

Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, pamoja na ofisi, wakati Serikali inahamia makao makuu. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa tangu 1973, lakini wengi wetu tuliuamini siku tulipoambiwa tufunge mafaili kwenye maboksi. Nyumba tuliyopanga ilikuwa mpya, yenye marumaru nyeupe kuanzia varandani hadi jikoni. Nilinunua makochi ya watu saba, rangi ya maziwa, nikayavika vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu usiku baada ya kazi. Katikati nikaweka meza ya kioo juu ya zulia. Viatu viliishia mlangoni. Watoto walikula jikoni. Wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alijua kwamba zulia halikanyagwi na mguu usiofutwa kabla hajajua kuhesabu hadi ishirini. Dada aliyenisaidia kazi alideki asubuhi na jioni, na siku za upepo hata mchana. Maji kwetu yalikuwa ya mgao, yakitoka usiku mara mbili kwa wiki. Tulijaza majaba mawili uani, na moja kati ya hayo lilikwenda lote sakafuni.

Niliipenda ile nyumba. Sikuwa nikijionyesha tu. Nilikuwa mgeni katika mji mkavu, mbali na ndugu zangu, na kitu pekee nilichoweza kukiweka sawa kilikuwa kile kilichokuwa ndani ya kuta zangu nne.

Mama alikuja kwa ajili ya macho. Kwao ni Kongwa, na Kongwa ndiko watafiti wa ugonjwa wa vikope walikofanya kazi miaka mingi tangu miaka ya themanini, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umejaa. Vikope vinaanza utotoni. Inzi anatua kwenye uso wa mtoto mwenye tongotongo, anahamia kwa mwingine. Mama anamfuta huyu kwa pembe ya khanga, anamfuta na yule kwa pembe ile ile. Mtu anaugua, anapona, anaugua tena, na kila mara ndani ya kope panabaki kovu. Makovu yakizidi, kope inajikunja, na nywele zake zinageukia ndani. Hapo kila unapopepesa unakikwaruza kioo cha jicho. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana ndio wanaokaa na watoto. Mama alilea wanane wa kwake na wajukuu sina idadi yao. Kwenye fundo la khanga yake alifunga kibanio kidogo cha chuma, na kwa miaka mingi mpwa wake alimkalisha juani akimng'oa nywele za kope moja moja. Zikiota upya, zinachoma tena.

Alifanyiwa upasuaji siku ya Jumanne, jicho la kulia kwanza. Haikuchukua muda mrefu: sindano ya ganzi, kope ikakatwa na kugeuzwa nje, nyuzi, kisha kitambaa. Jumatano kitambaa kikatolewa na tukapewa dawa ya kupaka. Maelekezo yalikuwa mafupi: asiliguse jicho, na asikae kwenye vumbi wala moshi.

Nilivyosikia hivyo moyo wangu ulitulia. Katika ukoo wote wa mume wangu hapakuwa na nyumba isiyo na vumbi kama yangu. Nilijiambia kwamba kazi yote ile ya kudeki ilikuwa ikimngoja mama.

Lakini mama hakukaa ndani ya nyumba ile. Yaani alilala humo, alikula humo, ila hakukaa. Chumbani kwake asubuhi nilikuta shuka limekunjwa vile vile nilivyoliacha, na khanga yake chini kwenye mkeka wa kuswalia wa watoto. Sebuleni alitandika khanga nyingine nyuma ya mlango, akanyoosha miguu, mgongo ukutani. Chai aliinywa huku mkono wa pili umekinga chini ya kidevu, tone lisidondoke.

"Mama, karibu kwenye kochi."

"Hapa panatosha, mwanangu."

Mume wangu akasema mama amezoea chini. Nami nikasema amezoea. Neno hilo lilitufaa sana wote wawili, kwa sababu ukishasema mtu amezoea huna tena cha kufanya.

Alhamisi niliomba ruhusa ofisini nikatoka saa tisa. Upepo ulikuwa mkali, visulisuli vikitembea katikati ya barabara na kubeba mifuko. Kufungua geti, nikawakuta watu sita chini ya mwarobaini wetu, wamekaa mchangani. Walikuwa watu wa nyumbani, Wagogo wa Kongwa wanaoishi Chang'ombe na Chinangali, waliokuja kumpa pole mgonjwa. Walikuja na kuku na mfuko wa unga wa uwele. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa katikati yao, khanga kaivuta kichwani hadi kidevuni, kiganja kimelikinga jicho lenye nyuzi, vumbi likimpiga mgongoni kama mtu anayepepeta pumba.

"Mbukwenyi," walinisalimu. Sikuitikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilipaza sauti: "Mama! Daktari alisema nini?"

Wote wakanyamaza. Mzee mmoja akaegemea fimbo yake akainuka polepole. "Utusamehe, mama. Tulikuja kumwona mgonjwa. Sasa tunaondoka."

Wageni walikuwa wananiomba msamaha kwangu, na hata maji ya kunywa sikuwa nimewapa. Dada aliniambia baadaye kwamba aliwakaribisha ndani, na mama ndiye aliyewaambia wabaki nje: nyumba ya mkwe wangu ni safi, msije mkaichafua. Wala hakulisema kwa uchungu. Alinisifu.

Nikamwambia mama, sasa kwa sauti ya chini, kwamba ndani kuna makochi ya watu saba. Kwa nini wakae vumbini?

Akashusha khanga kidogo. Kope ilikuwa imevimba, machozi yanatiririka hadi shavuni. "Mwanangu, ndani hakuna mahali pa kukaa."

Ilinichukua hadi usiku kuelewa alichosema, maana alikisema kama kilivyo. Usiku alinieleza bila kulaumu. Jicho lenye vikope haliwezi mwanga. Jua la mchana lilipoingia madirishani na kupiga marumaru, sebule nzima ilimwakia usoni. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe, kochi la rangi ya maziwa: hakuona kochi linaanzia wapi wala sakafu inaishia wapi. Meza ya kioo hakuiona kabisa, aliijua kwa goti. Ndiyo sababu alichagua nyuma ya mlango, mahali pekee palipokuwa na kivuli na ukuta wa kuegemea. Tulisema amezoea chini, kumbe alikuwa anatafuta pa kushika.

Lakini hayo yalikuwa ya usiku. Pale uani sikuwa nayajua. Nilichokijua ni kwamba mzee alikuwa ameshageukia getini.

"Babu, msiondoke. Karibuni ndani."

Alivua katambuga zake mlangoni, akazipanga vizuri, kisha akaitazama miguu yake. Vumbi lilikuwa limempanda hadi kwenye goko. Akasita pale kizingitini na mguu mmoja hewani. Nikamwambia aingie hivyo hivyo. Akaingia, na nyuma yake zikabaki nyayo, kisha za wengine, hadi katikati ya zulia. Nilihisi kitu kimenikaba kooni, siwezi kusema hakikunikaba. Nikaikamata meza ya kioo upande mmoja, dada upande wa pili, tukaihamishia chumbani kwetu. Tukalikunja zulia. Tukatandika mkeka mkubwa wa ukindu mbele ya ukuta, nikafunga mapazia upande wa jua. Mzee alivikunja vile vitambaa vyangu kimoja kimoja, akaviweka juu ya kabati, ndipo akakaa kwenye kochi. Akina mama wakakaa mkekani pamoja na mgonjwa.

Unga wao ndio tuliosonga, kwa mlenda niliokuwa nao kwenye friji. Kuku tulimwacha apumzike. Walikula sebuleni, kwenye sinia moja, na mlenda kama ujuavyo unavutika. Ulidondoka mkekani na hakuna aliyeshtuka. Waliongea Kigogo haraka haraka, nami nikashika neno hapa na neno pale. Mama akacheka. Tangu afike sikuwa nimemsikia akicheka.

Nilikaa nao nikakumbuka siku nilipopelekwa Kongwa mara ya kwanza kutambulishwa. Tembe la mama ni la chini, paa la udongo, ndani giza, ndama wamefungwa upande mmoja na mafiga upande mwingine. Nilikaribishwa kwenye kigoda kizuri kuliko vyote. Mama alimwinua mwanawe mkubwa ili nipate pa kukaa. Moshi ulinitoa machozi. Sitaki kulisifia tembe kupita kiasi: moshi ule, inzi wale na maji yale ya kuchimbwa mchangani kwenye korongo ndivyo vilivyomla mama macho. Alinisimulia usiku ule kwamba watu wa afya walipofika kijijini kwao waliwaonyesha jinsi maji kidogo tu yanavyoweza kuosha nyuso za watoto wengi, na kwamba wanawake walikuwa hawaamini, kwa kuwa maji yalikuwa ya kupikia na ya kunywa, uso unangoja. Halafu akaniuliza, kwa upole, maji ya kudekia huwa tunayamwaga wapi. Nikamwambia, kwenye karo. Akanyamaza kidogo. "Yapeleke kwenye mpapai."

Kwa hiyo sikuacha usafi, na sitaki mtu aelewe hivyo. Nyumba ya vumbi ingemwua lile jicho. Kesho yake asubuhi nilitandika kitambaa kibichi chini ya mlango, nikafunga madirisha ya upande wa upepo, jiko la mkaa nikalihamishia nyuma kabisa ya uani. Kila mtu akapewa taulo lake la uso, hata mtoto. Chumba cha mama kilidekiwa kila siku. Ila nilipoanza kuyatenganisha mambo niliona kwamba usafi unaolinda jicho la mgonjwa ni kazi ya saa moja. Ule mwingine wote, wa vitambaa, wa kioo, wa kudeki mchana kwa ajili ya mtu ambaye labda angepita, ulikuwa wa kungojea macho ya watu. Na watu wenyewe walipokuja, ulikuwa umeshawafukuza.

Meza ya kioo haikurudi sebuleni. Watoto walianza kufanyia kazi za shule mkekani, pembeni ya bibi yao, wakimsomea vitabu ambavyo hakuvijua. Vidole vyao vilibaki ukutani na nilivifuta siku za Jumamosi. Wale watu wa Chang'ombe walikuja tena mara mbili, na mara ya tatu mzee wa fimbo alikuja peke yake, akalala usingizi kwenye kochi mchana mzima.

Baada ya siku kama kumi nyuzi zilitolewa. Mama akarudi kwao na mpapai wetu ukiwa umeshaanza kunyanyua majani. Kibanio aliondoka nacho, jicho la kushoto lilikuwa bado.

Alirudi mwezi wa kwanza kwa ajili ya jicho hilo, mvua zikiwa zimekolea na barabara ya kwetu imekuwa tope tupu. Viatu alivishika mkononi tangu alikoshukia. Alifungua mlango bila kubisha, akapita nyuma ya mlango bila kupatazama, akavuka sebule hadi ukutani, akakaa mkekani na kunyoosha miguu. Nyayo za tope zilitoka mlangoni hadi pale alipokaa, kumi na moja, kubwa, zimefunguka vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai ipo?"

Nilimletea chai kwanza. Ndoo na dekio nilivichukua alipokwisha kunywa kikombe cha pili, na maji yake nikayapeleka kwenye mpapai.